Masjala ya karatasi, skana au e-Ofisi: ofisi ya umma ichague nini?

Fedha ya kuboresha kumbukumbu inapopatikana katika halmashauri, wakala au wizara, huwa kuna njia tatu za kuitumia. Ya kwanza ni kuimarisha masjala ya karatasi: kununua rafu na makabati, kufungua majalada mapya, kuongeza watunza kumbukumbu wenye taaluma. Ya pili ni kununua skana na kuyageuza majalada yaliyopo kuwa PDF. Ya tatu ni kuhamia kwenye mfumo kamili, ambao kwa taasisi za umma Tanzania kwa kawaida ni e-Ofisi iliyotengenezwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA). Humo barua hupokelewa, husomwa, huandikiwa maelekezo na kujibiwa ndani ya mfumo wenyewe.

Wengi huzitazama njia hizi kama vituo vya safari moja: karatasi ni kituo cha zamani, skana ni katikati, mfumo ndio mwisho. Mimi ni mtu wa kumbukumbu, na naamini mtazamo huo unapoteza fedha za umma. Skana ndiyo inayopendwa zaidi kwa sababu matokeo yake yanaonekana haraka na yanapendeza kwenye taarifa ya robo mwaka, lakini mara nyingi ndiyo inayomsaidia mwananchi kidogo kuliko zote. Zipo pia kumbukumbu ambazo hadi leo karatasi inazitunza vizuri kuliko mashine. Kabla ya kuuliza bei ya kitu chochote, uliza maswali mawili kuhusu jalada lenyewe: linatembea mara ngapi, na linatakiwa kuishi miaka mingapi. Majibu hayo mawili ndiyo yatakayochagua.

Barua moja ya zahanati

Tuanze na kutembea, maana hapo ndipo muda unapopotea. Mtendaji wa Kata anamwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri kwamba upepo umeezua paa la zahanati na akina mama wanaoleta watoto kliniki wanahudumiwa chini ya mwembe.

Kwenye masjala ya karatasi barua inafunguliwa, inagongwa muhuri wa kupokelewa, inaandikwa kwenye rejista ya barua zinazoingia, inapewa namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, na kuwekwa kwenye jalada lake. Mhudumu analibeba hadi kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi anaandika maelekezo kwa Mganga Mkuu. Jalada linarudi masjala, linaandikwa kwenye kadi ya mwendo, linakwenda kwa Mganga Mkuu. Yeye anaandika dokezo kwamba paa ni suala la Mhandisi. Linarudi, linakwenda kwa Mhandisi. Mhandisi yuko kwenye mradi tarafa nyingine, jalada liko juu ya meza yake, na ofisi imefungwa. Akirudi atakwenda kuona jengo, ataandika makadirio, jalada litapelekwa kwa Mweka Hazina aseme kama fedha ipo, kisha lirudi kwa Mkurugenzi aamue.

Mtendaji anapiga simu masjala. "Dada, habari za kazi? Ile barua yetu ya zahanati imefikia wapi?"

"Nzuri kaka. Iko kwa Mhandisi."

"Tangu lini?"

Masjala nzuri ina jibu la swali hilo, kwa sababu kadi ya mwendo imejazwa. Masjala mbaya haina, na hapo Mtendaji atapanda pikipiki aje mwenyewe, atazungushwa mlango hadi mlango, na siku yake nzima ya kazi itakuwa imeishia kwenye korido.

Ukiihesabu kazi halisi iliyofanywa na binadamu kwenye barua hiyo, ni saa chache tu: kusoma, kwenda kuona paa, kukokotoa, kuamua. Siku nyingine zote jalada lilikuwa linasubiri kubebwa au kufunguliwa. Karatasi ina kikwazo kimoja kisichotibika kwa juhudi wala kwa nidhamu: haiwezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja.

Kwenye e-Ofisi barua hiyo hiyo inaskaniwa mara moja pale mapokezi, inaingizwa kwenye jalada la kielektroniki na kutumwa. Mkurugenzi aliye kwenye kikao Dodoma anaisoma kwenye kompyuta yake na kuielekeza kwa Mganga Mkuu, Mhandisi na Mweka Hazina kwa pamoja. Mhandisi anasoma akiwa kule kule tarafani na anaweza kupitia zahanati njiani kurudi. Kila aliyefungua, aliyeandika na aliyepeleka mbele anabaki ameandikwa na mfumo pamoja na tarehe na saa. Mtendaji akipiga simu, jibu liko kwenye skrini, na msimamizi anaona bila kuuliza mtu ni meza ipi iliyokalia barua.

Kwa kumbukumbu zinazotembea, basi, ushindani haupo. Barua za kila siku, madokezo ya kuomba vibali, maombi ya safari, mialiko ya vikao, majibu kwa wananchi, mihtasari inayosubiri maelekezo: zote hizi ziende kwenye mfumo, na ziende mapema.

Lakini faida hiyo ina sharti moja, nalo linavunjwa kila mahali. Maamuzi yafanyike ndani ya mfumo. Nimekaa kwenye ofisi ambako katibu muhtasi alikuwa akifungua mfumo kwa nenosiri la bosi, anachapisha barua zote, anaziweka kwenye kabrasha, bosi anaandika maelekezo kwa kalamu pembeni, kisha katibu anarudi kuyachapa kwenye mfumo kana kwamba yameandikwa na bosi. Ofisi hiyo ilikuwa inafanya kazi mara mbili: karatasi na wino vilikuwa vinatumika vile vile, na muda wa kuchapa ulikuwa umeongezeka. Kibaya zaidi, ule uthibitisho wa nani kaamua nini ulikuwa haupo tena, maana jina lililoandikwa na mfumo halikuwa la mtu aliyebonyeza. Kama viongozi wa ofisi yako hawako tayari kusoma na kuandika kwenye skrini wao wenyewe, ni afadhali fedha hiyo iende kwanza kwenye mafunzo yao. Na namaanisha wao, wakuu wa idara na vitengo, maana watunza kumbukumbu hufundishika upesi.

Kwa nini skana huchosha na haimalizi

Mradi wa skana huja na picha nzuri: chumba kilichojaa mafaili hadi darini, kisha kompyuta moja juu ya meza safi. Kinachofanyika katikati ya picha hizo mbili ndicho wauzaji hawakielezi.

Mashine yenyewe ni ya haraka. Kinachochelewesha ni mikono. Lazima pini zitolewe, nyingine zikiwa zimeshika kutu na karatasi. Kurasa zilizokunjwa zinyooshwe. Kila picha ikaguliwe kama imetoka sawa, kwa sababu wino wa kaboni wa miaka ya 1970 hufifia na muhuri wa zambarau hufunika maneno. Kisha kila hati ipewe jina, namba ya jalada, tarehe, mwandishi na mada, la sivyo utakuwa na maelfu ya mafaili yanayoitwa scan0001 na kuendelea, na hakuna binadamu atakayepata kitu humo. Chumba cha mafaili yasiyopangwa kikiskaniwa kinazaa kompyuta ya mafaili yasiyopangwa, na ile ya kompyuta ni ngumu zaidi kuipekua, maana huwezi hata kupita ukisoma migongo ya majalada.

Watu husema programu ya kusoma maandishi kwenye picha itatatua hilo: utaandika neno na hati zote zenye neno hilo zitakuja. Kwa barua zilizochapwa, kweli inasaidia. Ila mtu aliyewahi kushika jalada la serikali anajua kwamba uamuzi hauko kwenye barua iliyochapwa. Uko kwenye dokezo lililoandikwa kwa mkono upande wa kushoto, kwa mwandiko wa haraka, kwa vifupisho, kwa lugha mbili zilizochanganywa, na sahihi juu yake. Programu hizo husoma mwandiko wa namna hiyo vibaya sana. Kwa hiyo utafutaji wako utaleta ombi na hautaleta jibu, na ofisa mgeni anaweza kusadiki kwamba jibu halikuwahi kutolewa.

Kuna tatizo jingine, na hili ndilo lililonifanya nisiishabikie njia ya skana peke yake. Jalada likishaskaniwa huku bado linatumika, kuanzia siku hiyo ofisi ina majalada mawili. Lile la karatasi linaendelea kupokea folio 46, 47, 48. Lile la PDF limesimama kwenye folio 45. Baada ya mwaka, mkaguzi akiomba jalada, atapewa lipi? Watu wawili wakipewa kila mmoja lake, kila mmoja ataandika taarifa tofauti akiwa mkweli.

Tena usidhani utachoma karatasi ukishaskani. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002 haimruhusu mtumishi kuteketeza kumbukumbu za umma kwa hiari yake. Kuna mwongozo wa kuhifadhi na kuteketeza, na kuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa yenye mamlaka ya kuidhinisha. Chumba kitabaki kimejaa mpaka taratibu hizo zifuatwe. Na zikifuatwa vizuri kabla ya kuskani, utagundua sehemu kubwa ya vilivyomo havikustahili kuskaniwa: mialiko ya vikao vilivyopita, nakala za waraka ule ule mara tano, maombi ya likizo ya watu walioshastaafu. Kutathmini kwanza na kuskani baadaye hupunguza mzigo wa skana kwa kiwango ambacho hakuna mashine mpya itakayokifikia.

Skana ina mahali pake, na nitapataja. Inafaa kwa hati zinazoishi miaka mingi na kuulizwa mara kwa mara: majalada binafsi ya watumishi, hati za ardhi na michoro ya upimaji, mikataba, rejista za vizazi na vifo. Inafaa pia kwa hati kongwe zinazochakaa kila zinaposhikwa. Nyaraka za utawala wa Wajerumani zilizoko Dar es Salaam kwenye Nyaraka za Taifa ziliingizwa mwaka 1997 kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Hati za namna hiyo zikiwa na picha zake, mtafiti husoma picha na karatasi hupumzika.

Umri: hapa karatasi bado ina hoja

Majalada hayo ya Wajerumani yanasomeka hadi leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, kwa macho tu na mwanga wa dirishani, ukiwa unaujua mwandiko wao. Sasa tafuta disketi yenye barua ya ofisi ya mwaka 1995. Ukiipata, tafuta kompyuta yenye mlango wa kuiingiza. Ukiipata hiyo nayo, tafuta programu itakayoifungua. Kumbukumbu ya kidijitali haivumilii kusahauliwa. Karatasi ukiifungia kwenye sanduku kavu bila mchwa, utaikuta. Faili la kompyuta linataka kuhamishwa kila baada ya miaka kadhaa kutoka chombo hadi chombo na kutoka programu hadi programu, na mwaka ambao hakuna aliyekumbuka ndio mwaka linapopotea.

Kuna namna ya kupunguza hatari hiyo. Hati za kudumu zihifadhiwe kama PDF/A, aina ya PDF iliyowekewa viwango tangu 2005 mahsusi kwa uhifadhi wa muda mrefu, kwa sababu hubeba ndani yake kila kinachohitajika kuifungua, hata aina ya herufi. Mkataba na msambazaji wa mfumo useme wazi kwamba siku mkataba ukiisha, taasisi itapewa kumbukumbu zake zote pamoja na maelezo yake kwa muundo unaosomeka na programu nyingine. Taasisi inayotumia mfumo wa serikali ina nafuu hapa. Iliyonunua programu binafsi isisaini bila kifungu hicho.

Wanaoogopa kompyuta hutaja hitilafu, na wanaoogopa karatasi hutaja moto. Moto hauchagui. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu za watumishi huko St. Louis, Marekani, liliungua, na majalada ya wanajeshi kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Hayakuwa na nakala, wala hapakuwa na faharisi ya kuonyesha ni ya akina nani. Wanajeshi wastaafu walilazimika kuthibitisha utumishi wao upya kwa vipande vya ushahidi kutoka sehemu nyingine. Miaka 52 baadaye, tarehe 26 Septemba 2025, betri za lithiamu zilishika moto kwenye kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, nchi inayosifiwa duniani kwa serikali mtandao. Hifadhi moja iliyoitwa G-Drive, ambamo watumishi walikuwa wameelekezwa kuweka kazi zao badala ya kuziacha kwenye kompyuta za mezani, iliteketea na terabaiti 858 za mafaili. Nayo haikuwa na nakala mahali pengine. Ilielezwa kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa.

Ukiyaweka matukio hayo pamoja, swali la kumuuliza kila anayekuletea mfumo linajitokeza lenyewe: nakala rudufu iko mji gani, na ni lini mara ya mwisho mtu alijaribu kuirudisha ikafunguka? Sehemu ya pili ya swali ni muhimu kuliko ya kwanza. Estonia ilifika mbali zaidi: mwaka 2017 ilisaini makubaliano na Luxembourg ya kuweka huko nakala za mifumo yake muhimu, kwa ulinzi wa hadhi ya ubalozi. Halmashauri haihitaji kwenda Luxembourg. Inahitaji nakala nje ya jengo lake, na mtu mwenye jina anayewajibika kuijaribu.

Umeme na mtandao

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi kadhaa jirani. Mgao wa umeme wa 2022 na 2023 haujasahaulika pia. Hizi ni sababu halali za kusita, ingawa zinapimika. Mfumo uliohifadhiwa kwenye seva za ndani ya nchi na kufikiwa kupitia mtandao wa serikali hauna haja ya kupita baharini ili barua itoke ghorofa ya kwanza kwenda ya pili. Mfumo uliowekwa kwenye seva za ng'ambo unayo. Kwa hiyo uliza seva ziko wapi. Kuhusu umeme, kompyuta mpakato inahimili saa kadhaa, na kilichobaki ni kifaa cha kuhifadhi umeme kwa ajili ya swichi na ruta zinazosambaza mtandao ofisini, vitu vidogo ambavyo bajeti nyingi huvisahau huku zikinunua kompyuta kubwa za mezani zinazozimika papo hapo.

Ofisi ya kata isiyo na umeme wa uhakika iendelee na rejista ya karatasi, lakini iwe rejista nzuri, na barua zake ziingizwe kwenye mfumo zinapofika halmashauri. Hakuna aibu katika hilo.

Jalada kupotea, na jalada kuguswa

Kila aliyewahi kufuatilia kiwanja, kesi au mafao anaijua sentensi "jalada halionekani". Mara nyingine ni uzembe. Mara nyingine kuna mtu anayefaidika lisipoonekana, na karatasi inamrahisishia: folio moja inachomolewa, nyingine inaingizwa, na asiyejua namba za folio hatagundua.

Nairobi ni mfano wa karibu. Malalamiko ya mafaili ya ardhi kupotea pale Ardhi House yalikuwa ya miaka mingi, na tarehe 27 Aprili 2021 Kenya ikazindua Ardhisasa, mfumo wa kufanya miamala ya ardhi mtandaoni, ukianzia Nairobi. Wanasheria na wananchi walilalamikia ucheleweshaji wa mwanzo, na sababu mojawapo ndiyo ile ile ya kuskani: rejista iliyokuwa na mkanganyiko kwenye karatasi haiingii kwenye mfumo mpaka mtu aamue lipi ni sahihi. Kazi hiyo ya kuamua haina njia ya mkato. Ofisi yoyote inayopanga mfumo wa ardhi au wa watumishi iitengee muda mrefu kuliko ule wa kufunga programu.

Kwetu Tanzania, Aprili 2017 uhakiki wa vyeti ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Vyeti hivyo vilikuwa ndani ya majalada, vimepewa folio, kwa miaka. Kilichovifichua ni kulinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Hapo ndipo mifumo inayozungumza inapoishinda karatasi kwa mbali: kumbukumbu ya taasisi moja inapimwa na ya taasisi nyingine, na aliyeghushi huku hawezi kughushi kule.

Hata hivyo mfumo nao una mlango wake wa nyuma. Msimamizi wa mfumo anaweza kuona zaidi ya anavyostahili, nenosiri linaweza kuazimwa, na mshambuliaji hahitaji kufika ofisini. Julai 2023 eCitizen, jukwaa la Kenya la huduma za serikali mtandaoni, lilishambuliwa na huduma nyingi zikayumba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaigusa ofisi inayoshika taarifa za watu hata ziwe kwenye karatasi. Lakini PDF ya jalada la mtumishi ikishatumwa kwenye kundi la WhatsApp "ili bosi aione haraka" hakuna wa kuirudisha. Tabia hiyo imeenea na inaumiza watu.

Wapo bado wanaoamini kwamba mahakamani hati ya kielektroniki haifui dafu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ilishalimaliza hilo: hati ya kielektroniki inapokelewa, na uzito wake hupimwa kwa kuangalia ilitengenezwaje, ilitunzwaje na mwandishi wake alitambuliwaje. Kwa maneno mengine, hati iliyotoka kwenye mfumo wenye kumbukumbu za nani aligusa nini ina nguvu. PDF iliyokaa kwenye flashi ya mtu ina kazi kubwa ya kujieleza.

Uchague nini, basi

Kwa barua na madokezo ya kila siku, chagua mfumo. Kwa hati zilizolala, zenye thamani ya historia, zisizoulizwa, chagua karatasi iliyotunzwa vizuri, na zikifikia wakati wake zipelekwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambako kwa kawaida hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30. Kwa hati za siri, fuata maelekezo ya ngazi zake na usiruhusu mradi wa skana wa kampuni ya nje uingie masjala ya siri.

Kazi ngumu iko kwenye majalada yanayotembea sana na pia kuishi sana, na kubwa kuliko yote ni jalada binafsi la mtumishi. Mwalimu aliyeajiriwa akiwa na miaka 24 na kustaafu kwa lazima akiwa na 60 ana jalada la miaka 36, na likitokea suala la mirathi litaendelea kuulizwa. Katika miaka hiyo amehamishwa wilaya mara kadhaa, na kila uhamisho ni nafasi ya folio kubaki nyuma. Mfuko wake wa pensheni wenyewe umebadilika, kwa kuwa PSPF, LAPF, GEPF na PPF ziliunganishwa mwaka 2018 na PSSSF ikazaliwa. Siku ya kudai mafao anaulizwa barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, za kupanda daraja. Mzee wa watu anasimama dirishani na mfuko wa nailoni wenye nakala alizozitunza mwenyewe chini ya godoro, kwa sababu mwajiri wake hana. Hakuna kumbukumbu inayostahili fedha zetu kuliko hiyo.

Kwa majalada hayo tumia njia zote tatu kwa mpangilio huu. Kwanza masjala ilisafishe jalada la karatasi: folio zihesabiwe, zilizokosekana ziorodheshwe, mtumishi aitwe alete nakala alizonazo wakati bado yuko kazini na waliomsainia bado wapo. Kisha liskaniwe, kwa majina yanayofuata mpangilio wa folio. Kisha kila kinachoongezeka kiingie kwenye mfumo peke yake. Likizo na uhamisho tayari vinaombwa kupitia ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma kujihudumia, hivyo mtumishi ameshaizoea njia. Karatasi ya asili ibaki imefungwa, salama, ikisubiri siku ya mgogoro. Anza na wanaokaribia kustaafu, urudi nyuma kuelekea vijana.

Kazi hii iongozwe na ofisa kumbukumbu, yule aliyesomea Chuo cha Utumishi wa Umma Tabora au kwingineko, akikaa meza moja na mtu wa TEHAMA. Ofisi nyingi humwachia wa TEHAMA peke yake. Yeye anajua seva; hajafundishwa ni jalada lipi liteketezwe baada ya miaka mitatu na lipi liishi milele, na uamuzi huo ndio unaopanga ukubwa wa seva.

Kuhusu siku ya kuhama, panga tarehe moja, na tarehe 1 Julai inafaa kwa sababu mwaka wa fedha unaanza. Kuanzia asubuhi hiyo kila barua mpya inaingia kwenye mfumo. Jalada la karatasi la somo hilo linafungwa kwa dokezo la mwisho linalosema jalada linaendelea kwenye mfumo kwa namba gani, na namba ya jalada la zamani inaandikwa kwenye jalada jipya. Hakuna folio nyingine inayoongezwa kwenye lililofungwa, hata kiongozi akiomba. Majalada ya zamani yasiskaniwe kwa jumla. Kila linapoombwa na mtu kwa kazi halisi, liskaniwe siku hiyo, liunganishwe na jipya, na kurudishwa rafuni. Baada ya miaka michache utakuwa umeskani yale yanayotumika, na yaliyobaki hayajaombwa na mtu ndiyo ya kuanzia unapoita kamati ya tathmini.